Nimezoea picha mnato, nataka kuwa mpiga picha mkuu wa filamu: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka saba kwenye picha mnato: harusi, bidhaa, sura za watu. Kamera yangu inarekodi video nzuri tu, lakini kila nikipiga filamu fupi na wenzangu inatoka kama video ya harusi. Nataka kuwa mpiga picha mkuu wa filamu. Ninunue kamera ya sinema? Niache kazi nikasome? Au nianze kama msaidizi wa kamera?

Jibu: Marahaba. Kamera uliyo nayo inakutosha mwaka mzima ujao, pengine na zaidi. Kazi usiiache. Usaidizi ndiyo, lakini si kwenye kamera: nenda idara ya taa. Sababu utaiona mbele kidogo. Kwanza tulimalize hili la video ya harusi, maana humo ndimo tatizo lenyewe lilimojificha.

Mazoea yanayokuponza ni mazoea mazuri ya picha mnato. Wewe umefundishwa kuvizia nukta moja ambayo kila kitu kimekaa sawa. Ukishaipata, kilichotangulia na kilichofuata si shauri lako. Kwenye filamu hicho kilichotangulia na kilichofuata ndiyo kazi. Mhariri atachukua sekunde tatu ulizopiga asubuhi, aziunge na sekunde mbili ulizopiga saa kumi jioni, na mtazamaji anatakiwa aamini kwamba ni dakika ileile.

Anza na shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga kwa sehemu ya sekunde. Umezoea 1/250 au 1/1000 ili mwendo ugande. Ukirekodi fremu 24 au 25 kwa sekunde kwa shata ya 1/1000, kila fremu inakuwa kali kama wembe, na mkono unaopunga unarukaruka badala ya kupita. Jicho linahitaji ukungu kidogo wa mwendo ndani ya fremu. Kanuni ya kazi ni shata kukaa wazi nusu ya muda wa fremu: fremu 24 ni 1/48, fremu 25 ni 1/50, fremu 50 za kupunguzia mwendo ni 1/100. Kamera za sinema huandika jambo hilohilo kwa nyuzi, 180, kwa kuwa shata ya kamera ya mkanda ilikuwa sahani inayozunguka, nusu yake imekatwa. Hesabu yake: fremu kwa sekunde mara 360, gawa kwa nyuzi. 24 mara 360, gawa kwa 180, unapata 48.

Kwenye taa za umeme, hesabu hiyo inapindishwa kidogo. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi ziwake na kufifia mara 100 kwa sekunde; wa hezi 60, mara 120. Shata isipopatana na mapigo hayo, michirizi ya giza itapanda au kushuka ndani ya picha. Ukirekodi fremu 24 penye hezi 50, weka 1/50, yaani nyuzi 172.8. Penye hezi 60 weka 1/60, yaani nyuzi 144. Ziko taa za LED za bei rahisi zenye mapigo yake zenyewe, hasa zikipunguzwa mwanga, na hizo hazitibiki kwa hesabu. Rekodi sekunde kumi, itazame kwenye skrini kubwa, na picha ikipepesa taa hiyo itoe chumbani.

Ukishaifunga shata kwenye 1/50, umeshanyang'anywa njia moja ya kudhibiti mwanga. Hapo ndipo wengi wanaporudi kwenye 1/1000 kimyakimya. Chukua jua kali la mchana. Kanuni ya zamani ya mkanda inasema: kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, shata iwe sawa na ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Uko ISO 800, basi shata ilitakiwa iwe 1/800. Wewe uko 1/50, kwa hiyo umezidisha stopu nne (kila stopu ni mwanga mara mbili) hata kabla hujafungua lenzi. Ukitaka f/2.8 unafungua tano nyingine. Jumla tisa. Kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, huhesabiwa 0.3 kwa kila stopu, kwa hiyo unahitaji ND 2.7, na bila hicho hakuna ujanja. Vile vya kuzungusha ni vyepesi kutumia, ila ni polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja) zilizopandana: ukivikaza hadi mwisho kwenye lenzi pana vinachora msalaba mweusi, na mng'ao wa ngozi unabadilika kadiri kamera inavyogeuka. ND nzito za bei ya chini nazo hupitisha mwanga wa infraredi, ndipo suti nyeusi ya mwigizaji inapotoka ya kahawia. Jaribu kwenye kitambaa cheusi cha sintetiki, juani, kabla ya siku ya kazi.

Vya otomatiki zima vyote: ISO, mizani ya weupe (rangi ambayo kamera inaihesabu kuwa nyeupe), mwanga. Mizani iandike kwa namba, 5600 kelvini kwa mwanga wa mchana, 3200 kwa taa za tangsteni, na usiiguse hadi onyesho liishe. Mizani ya otomatiki ikibadilika katikati ya shoti, hata msahihishaji rangi hodari atakula saa nzima kuifukuza.

Sasa taa. Lenzi unazijua, fremu unaijua, na ngozi ya mtu umeitazama miaka saba. Ukienda kuwa msaidizi wa kamera utajifunza nidhamu ya vifaa, jambo jema, lakini utakaa muda mrefu ukipima umbali na kubeba masanduku ilhali pengo lako liko kwingine. Mwanga unaoujua ni wa flashi na wa jua. Flashi inamwaga mwanga mwingi mno ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hivyo inaushinda mwanga wa chumba bila jasho. Taa ya kudumu inabishana na dirisha muda wote. Tena flashi unaipima mtu akiwa amesimama, na mwigizaji anatembea.

Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni, mwigizaji akirudi nyuma mita 1 amepoteza stopu 2, na uso uliokuwa sawa umezama. Irudishe taa hadi mita 4. Hatua ileile ya mita 1 sasa inamgharimu karibu theluthi mbili za stopu tu, na jicho linaimeza. Lakini kutoka mita 1 hadi 4 unahitaji nguvu mara 16 ili upate mwanga uleule. Tena taa iliyokuwa laini ikiwa karibu inakuwa ngumu ikienda mbali, kwa sababu ulaini unatokana na ukubwa wa chanzo ukilinganishwa na umbali wake. Kitambaa cha kulainisha mwanga cha mita 1 kikienda mara nne mbali, ili kibaki laini vilevile kinatakiwa kiwe cha mita 4. Ndiyo maana kwenye seti utakuta taa kubwa zimesimamishwa nje ya dirisha, mbali, mbele yake kitambaa kipana kama tanga. Wapita njia hudhani ni ufahari.

Kosa la pili la watu wa harusi ni kujaza. Wameshazoea kwamba bibi harusi asipoonekana vizuri kuna ugomvi, basi wanamwaga mwanga kila upande. Kwenye filamu jifunze kuondoa. Weka dirisha upande mmoja wa uso, na upande wa pili simamisha kitambaa cheusi kikubwa nusu mita nje ya fremu. Pima pande zote mbili. Tofauti ya stopu 1 ni uso wa maongezi ya kawaida, stopu 2 tayari kuna jambo linanukia, stopu 3 unasimulia siri. Ukichagua tofauti hiyo kwa mhusika katika onyesho, iandike daftarini, kwa sababu utatakiwa kuirudia utakapogeuza kamera upande wa pili saa tatu baadaye.

Na jua halikusubiri. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo onyesho linalochukua muda wa saa sita kupigwa limeanza na jua upande mmoja na kumalizika likiwa robo duara mbele. Dawa yake ni mpangilio. Shoti pana zinazoonyesha dirisha na sakafu piga kwanza, saa ambayo mwanga umekaa unavyoutaka. Shoti za karibu ziache mwisho, kwa sababu uso mmoja unaweza kuumulika kwa taa moja na kitambaa kimoja, na hakuna atakayejua kwamba nje ni magharibi. Anayeanza hufanya kinyume: anaanza na nyuso kwa sababu ndizo anazozipenda, halafu shoti pana inamkuta gizani.

Kwenye lenzi, mazoea ya f/1.4 yatakuumbua. Piga hesabu: 85 mm kwenye kihisi cha fremu kamili, mtu yuko mita 2, f/1.4. Ukali wote una kina cha sentimita 4 na nusu hivi. Kwa picha mnato ni raha, macho makali na masikio yameyeyuka. Mwigizaji akivuta pumzi na kuinama kidogo, amekwisha kutoka kwenye ukali. Kwa f/4 unapata kama sentimita 13, na mvuta fokasi, msaidizi anayehamisha ukali wa lenzi, anaweza kufanya kazi yake kibinadamu. Lenzi za picha mnato zina shida nyingine mbili. Nyingi, ukihamisha fokasi, picha nzima inatanuka au kusinyaa kidogo kana kwamba mtu amegusa zumu. Na zile zinazoendeshwa kwa mota mara nyingi hazina alama za kudumu kwenye pete: zungusha haraka unapata kitu kimoja, zungusha polepole unapata kingine, hivyo mvuta fokasi hawezi kuchora alama zake. Lenzi kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, yenye namba za umbali zilizochongwa, itakufaa kuliko mpya ya bei mbaya. Lenzi za sinema huandikwa T badala ya f, kwa kuwa T inapima mwanga uliofika kweli, baada ya vioo kula sehemu yao; ukibadilisha lenzi kwenye T2.8 ileile mwanga haubadiliki.

Kuhusu fremu nitasema machache, kwa kuwa jicho unalo. Hutageuza kamera wima, hutakata pembeni baadaye kama ulivyozoea, na shoti nzuri kuliko zote inaweza kuwa haina kazi kwa mhariri. Kati ya wahusika wawili wanaozungumza chora mstari wa kufikirika, ubaki upande mmoja wake, la sivyo wote wataonekana wakitazama upande uleule. Ukihamisha kamera kwa mhusika yuleyule, isogeze angalau nyuzi 30 au badilisha ukubwa wa fremu waziwazi. Isipokuwa hivyo, mkato unaonekana kama mkanda umeruka.

Sasa njia ya kazi. Waliotoka kwenye picha mnato wakaingia filamu ni wengi, na kila mmoja alipita mlango wake. Stanley Kubrick, mwongozaji wa Marekani, alikuwa mpiga picha wa jarida la Look kabla hajatimiza miaka 20, na filamu yake ndefu ya kwanza, ya mwaka 1953, aliiongoza na kuipiga mwenyewe. Raoul Coutard, mpiga picha mkuu wa Ufaransa, alitoka kwenye picha za vita huko Indochina. Alipopiga filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Jean-Luc Godard, iliyotoka mwaka 1960, alitaka mkanda wenye kasi (unaotosheka na mwanga kidogo) ambao wakati huo uliuzwa kwa kamera za picha mnato tu, wakaunganisha vipande vyake wakapata mkanda wa kurekodia. Roger Deakins, mpiga picha mkuu wa Uingereza, alipiga picha za maisha ya vijijini huko Devon, Uingereza, kisha akasomea filamu, akapita kwenye makala za video kabla ya sinema. Oscar yake ya kwanza aliipata mwaka 2018, uteuzi wake wa 14. Picha mnato hajaziacha hadi leo.

Kwako naona milango miwili, na uipite yote. Mmoja ni idara ya taa, kama nilivyosema. Utaanza kwa kubeba stendi, mifuko ya mchanga na nyaya. Jifunze kuhesabu mzigo wa umeme kabla hujaambiwa: wati gawa kwa volti ni ampea. Taa ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 8.7. Mbili kwenye soketi moja ya ampea 13, fyuzi inaruka katikati ya machozi ya mwigizaji. Msimamie karibu mkuu wa taa, umsikilize anavyotafsiri maneno ya mpiga picha mkuu. Huyu anasema “nataka ionekane asubuhi wameamka bila furaha”, na yule anajua hiyo ni taa gani, kitambaa gani, urefu gani. Tafsiri hiyo ndiyo kazi utakayoifanya maisha yako yote, na hutaipata ukiwa umeinamia kamera.

Mlango wa pili ni mpiga picha mnato wa seti. Karibu kila filamu yenye bajeti inamhitaji, kwa mabango na matangazo, na hapo miaka yako saba inahesabika tangu siku ya kwanza. Tumia shata ya kielektroniki isiyo na sauti, lakini jaribu kwanza chini ya taa za siku hiyo, maana shata hiyo huonyesha michirizi kirahisi. Simama kando ya lenzi ya kamera kuu, karibu kadiri utakavyoruhusiwa, ila usiingie kwenye mstari wa macho ya mwigizaji. Nguo nyeusi, simu imezimwa. Picha nyingi zipige wakati wa mazoezi ya onyesho, kisha muombe msaidizi wa kwanza wa mwongozaji sekunde thelathini baada ya shoti nzuri, kabla taa hazijaguswa. Faida ya pembeni ni kubwa: unasimama nusu mita kutoka kwa mpiga picha mkuu, na unaweza kupima taa zake zote kwa kamera yako mwenyewe. Picha hizo, na taarifa zozote za seti, hazitoki nje hadi wenye filamu waruhusu kwa maandishi. Anayevujisha haitwi tena.

Masomo? Chuo kinakupa vifaa na watu. Vifaa utavikuta kwenye kukodisha. Watu ndio ghali. Wapiga picha wakuu hawaitwi kwa tangazo la kazi, wanaitwa na waongozaji waliowahi kufanya nao kazi wote wakiwa hawana jina. Kama chuo kina waongozaji wanaotengeneza filamu kweli kila muhula, na unaweza kumudu ada bila mkopo wa kukunyonga, nenda. Kama ni nadharia na cheti, filamu fupi nne na waongozaji wanne tofauti zitakufikisha mbali zaidi.

Jihadhari na haki za picha. Kwenye picha mnato mara nyingi unabaki na picha zako na kumuuzia mteja matumizi. Kwenye filamu kwa kawaida mzalishaji ndiye mwenye kila fremu. Kwa hiyo kabla ya kuanza pata kifungu cha mkataba kinachokuruhusu kutumia vipande kwenye video yako ya mifano ya kazi baada ya filamu kutoka. Video hiyo isizidi dakika mbili, shoti bora ziwe mbele, na weka angalau onyesho moja zima lililohaririwa, maana mwongozaji makini anataka kuona shoti zako zikishikana. Malipo yahesabu kwa siku, na kwenye siku hizo ingiza za kukagua maeneo, za kujaribu kamera, na zile za kukaa na msahihishaji rangi. Wanaoanza hizo husahau, wakajikuta wamefanya wiki mbili bure.

Data nayo. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Nakili kwenye diski mbili tofauti kwa programu inayohakiki kila faili, si kwa kuburuta folda, na kadi usiifute hadi mtu wa pili amefungua nakala zote mbili na kuzitazama. Diski hizo zilale nyumba mbili.

Mwezi huu fanya hivi. Chukua chumba kimoja chenye dirisha, waigizaji wawili, onyesho la kurasa mbili. Taa moja tu, kitambaa cheupe kimoja, cheusi kimoja. Shata 1/50, mizani 5600, f/4 mwanzo hadi mwisho. Anza asubuhi, malizia jioni: shoti pana, kisha kila mwigizaji shoti ya kati na ya karibu. Katika kila shoti andika umbali wa taa, urefu wake, na vipimo vya pande mbili za uso. Mpe mtu mwingine ahariri, wewe usiguse. Kisha izime sauti, utazame mikato tu, ukitafuta sehemu ambayo uso mmoja umekuwa mweupe, wa kijani au bapa kuliko uliotangulia. Rudi kwenye daftari kwenye shoti hiyo. Mara nyingi utakuta ndipo uliposahau kuandika kipimo.